Viatu vya Nyamwiza

Kiatu cha kwanza kiliruka ua kikaangukia kwenye mihogo ya jirani. Kemilembe alikifuata, akakipangusa udongo kwa upindo wa kanga yake, akarudi nacho. Kabla hajafika, farasi alikuwa ameshakipiga teke cha pili.

"Mwambie huyo fundi asimwendee kwa nyuma," alisema baba yake, Mzee Ishengoma, akiwa kwenye kiti chake kivulini mwa ghala.

Huyo fundi alikuwa amesimama karibu naye kiasi cha kuweza kumgusa bega. Alikuwa amesikia kila neno. Hata hivyo alijinyoosha, akafuta jasho kwa mkono wa shati, akamtazama Kemilembe peke yake.

"Mwambie mzee sikumwendea kwa nyuma. Farasi ndiye aliyegeuka."

"Tata, anasema hakumwendea kwa nyuma."

"Nimesikia. Mwambie farasi hageuki bila sababu."

Kemilembe alifumba macho kidogo, akayafumbua. Tangu asubuhi alikuwa akibeba maneno ya wanaume wawili wasiotaka kusemeshana, akiyatoa huku na kuyapeleka kule kama mtu anayechota maji kwa kikombe. Koo lilikuwa limemkauka. Na katikati yao alisimama Nyamwiza, farasi jike wa rangi ya kahawia, masikio ameyalaza nyuma, akiwaangalia wote kwa jicho moja kama vile wao ndio waliokuwa wakimchosha.

Nyumba yao ilikuwa Ilemela, juu kidogo ya ziwa, mahali ambapo mawe ni mengi kuliko udongo. Mzee Ishengoma alitoka Bukoba akiwa kijana, akawa karani katika kiwanda cha kuchambua pamba mpaka akastaafu. Meneja wa kiwanda, Mzungu mmoja mwenye kucheka sana, alipokuwa anarudi kwao alimwachia karani wake farasi na gari dogo la kukokotwa. Watu walicheka. Walisema Mhaya gani huyu, badala ya kununua ng'ombe anafuga mnyama asiyeliwa wala kukamuliwa. Mzee hakuwajali. Alimpa farasi jina la Kihaya, akamzoea, farasi naye akamzoea.

Kisha kiharusi kikamwondolea nguvu mguu wa kushoto, na kicheko cha watu kikaisha. Mabasi yalikuwa machache na mafuta ya shida miaka ile. Nyamwiza ndiye aliyempeleka kanisani, ndiye aliyempeleka Kirumba kwa rafiki zake wa kazini, na jioni ndiye aliyemteremsha ufukweni akakaa kuangalia ngalawa zikirudi. Lakini fundi aliyekuwa akimpigilia viatu vya chuma alihama mji, na hakuna mwingine aliyeijua kazi ile. Vyuma vya mwisho viliisha. Kwato zikaanza kupasuka juu ya mawe ya Ilemela, na siku moja Nyamwiza alirudi nyumbani akichechemea, akiacha alama za damu mlangoni.

Bwana mifugo alikuja, akatikisa kichwa. Alisema farasi afungwe uani asitoke tena, au watafute mtu wa kumshonea viatu vya ngozi na mpira, vya kuvuliwa na kuvaliwa. Alikuwa ameviona vikichorwa chuoni. Yeye mwenyewe hakuwahi kuvishika.

Mzee Ishengoma akaacha kutoka. Akaacha kunyoa ndevu. Mkewe, Bernadetta, alimpelekea chakula na kukirudisha jikoni kikiwa nusu.

Kemilembe alikuwa anamjua mtu mmoja tu katika Mwanza nzima ambaye angeweza kushona kitu kama kile. Shida ni kwamba mtu huyo ndiye ambaye yeye alikuwa akijitahidi kumsahau.

Oyugi alikuwa na kibanda cha fundi viatu Mkuyuni. Alishona katambuga za matairi, mikoba ya shule, mikanda, na turubai za malori. Kwao ni Shirati. Kemilembe, mwalimu wa shule ya msingi, alikwenda pale kwa mkoba uliokatika mshipi, akarudi kwa mkoba ule ule ambao sasa haukuwa na tatizo lolote, na fundi akautazama mkoba, akamtazama yeye, akasema kwa utulivu kwamba ataukagua tena hata kila Jumamosi. Hivyo ndivyo walivyoanza.

Mwaka uliopita Oyugi alikwenda Ilemela na mjomba wake kuposa. Mzee Ishengoma aliwapokea vizuri, akawapa kahawa ya kutafuna kama desturi ya kwao, akawasikiliza mpaka mwisho. Kisha akakataa. Alisema kijana hana ubaya, ila katika ukoo wake yeye hamjui hata mtu mmoja wa kumwuliza habari zake, na binti haolewi gizani. Mjomba akajibu kwa ukali kwamba hata wao hawakuwa na wa kumwuliza habari za Ishengoma. Mambo yakaharibika hapo hapo. Mzee akasema kijana asikanyage tena uani kwake. Oyugi akasema hatakanyaga.

Wakaendelea kuonana kibandani kwa muda, mpaka Oyugi akamwambia hawezi kumpenda mtu kwa kuibia kama anayechungulia dirishani. Kemilembe aliondoka akilia. Hakurudi tena Mkuyuni, mpaka siku aliyopeleka kipande cha gunia la unga alichokichora kwa mkaa.

"Hii ni nini?" Oyugi aliuliza.

"Nyayo."

"Za nani?"

"Za farasi wa baba."

Oyugi aliyatazama yale maduara meusi muda mrefu. Kemilembe aliona pembe za mdomo wake zikitaka kucheka na yeye akizizuia. Alikuwa amekonda. Kola ya shati lake ilikuwa imegeuzwa na kushonwa upya kwa mkono, mshono mdogo mdogo, na Kemilembe alitamani kuugusa.

"Baba yako amekubali nije?"

"Amesema aje fundi. Hakutaja jina, na mimi sikulitaja."

"Na mimi niliapa."

"Anaumia, Oyugi. Mnyama hajui kiapo chako."

Akaenda. Mzee Ishengoma alipomwona anaingia na mfuko wake wa vifaa alikaza uso, akamgeukia binti yake, na kutokea hapo hakumsemesha mgeni neno hata moja. Mgeni naye akanuna vivyo hivyo.

Viatu vyenyewe vilikuwa vizuri. Nyayo za tairi la lori, kuta za ngozi ya ng'ombe iliyolainishwa kwa mafuta, na mkanda wenye bizimu juu ya kwato. Nyamwiza hakuvitaka. Alivuta mguu, alimwegemea Oyugi begani kwa uzito wote, alimng'ata mkanda wa suruali. Mara moja alikubali kiatu cha mbele, wote wakapumua, kisha akainama taratibu, akakishika kwa meno na kukichomoa.

"Mwambie ngozi ni ngumu mno," alisema Mzee.

"Mwambie mzee ikiwa laini zaidi ya hapo itapasuka kabla ya kufika barabarani."

"Mwambie basi afanye haraka." Mzee alipiga fimbo chini. "Meli ya Bukoba inafika kesho asubuhi. Privatus anakuja kumposea mwanawe Apolinary, na mimi simpokei mposaji wa binti yangu nikiwa nimekaa kitini kama mzigo. Nitakwenda bandarini kwa gari langu. Mwambie."

Kemilembe aliukazia macho udongo wa kiatu alichokuwa amekishika.

Oyugi alikuwa amepiga goti, kiatu mkononi. Aliinuka polepole. Uso wake ulikuwa umepoa kabisa, na Kemilembe aliona afadhali angepandisha sauti.

"Hilo nalo niambie, Kemi," alisema. "Si ndiyo kazi yako leo?"

"Nilitaka kukuambia."

"Lini? Nikishamaliza?" Alikigeuza kile kiatu, akakitazama kama hajui kimefikaje mkononi mwake. "Nimeshona hivi nikidhani nakufanyia wewe jambo. Kumbe namfungia baba yako safari ya kumpokea mkwe wake."

"Nilikuja kwako kwa sababu farasi anachechemea."

"Ni hilo tu?"

Alimwangalia. Kulikuwa na vumbi kwenye kope zake, na macho yaliyokuwa nyuma ya vumbi lile yalikuwa yale yale aliyokuwa akiyakimbia tangu mvua za mwanzo. Angeweza kusema ndiyo, ni hilo tu, naye Oyugi akakusanya vifaa vyake na kwenda. Baba yake alikuwa anasubiri hivyo. Hata farasi alikuwa ametega sikio.

"Si hilo tu," alisema.

"Mwambie," alianza Mzee Ishengoma.

"Simwambii, Tata."

Hakupaza sauti. Aliweka chini kiatu alichokuwa amekishika, akaenda akakaa juu ya jiwe kubwa lililo katikati ya ua, mikono magotini, kama mtu aliyefika mwisho wa njia.

"Nimechoka," alisema. "Simpeleki mtu neno tena. Tata, mimi Apolinary simtaki. Ni mtu mzuri, sina la kumsema, na simtaki. Sijakuambia kwa sababu kila nikianza unashika mguu wako, na mimi nanyamaza. Sasa nimesema. Ukitaka kwenda bandarini, nenda, lakini nenda ukamwambie Mzee Privatus hivyo."

Akamgeukia Oyugi.

"Na wewe. Baba alikukataa, ukamkasirikia baba. Sawa. Lakini ni mimi uliyenisusa. Mlinuniana nyinyi wawili, adhabu nikaitumikia mimi. Uliniambia umechoka kunipenda kwa dirishani. Hukuniuliza kama mimi sijachoka kukaa huku ndani."

Mwishowe akamtazama farasi. "Na wewe una miguu minne inayouma, unaletewa viatu vya kifalme, unavitupa kwa watu. Sijui hata ninafanya nini kati yenu watatu."

Chini kabisa, ziwani, injini ya boti ilisikika ikikohoa na kuzimika. Mzee Ishengoma alitazama fimbo yake. Oyugi alitazama mikono yake, na damu ikampanda usoni. Nyamwiza alinyoosha shingo, akakinusa kile kiatu kilichoachwa chini, akakisukuma kwa pua, akakinusa tena.

Bernadetta alitoka jikoni akiwa na sahani ya ndizi mbivu. Alikuwa amesimama nyuma ya mlango muda wote ule. Alipita katikati ya wanaume bila kuwatazama, akamwekea binti yake sahani mapajani.

"Kama mmemaliza kumchosha mtoto wangu," alisema, "farasi bado yuko peku."

Akarudi jikoni.

Kisha Mzee Ishengoma akajikusanya, akasimama kwa fimbo, akaanza kukokota mguu wake kuelekea kwa farasi. Oyugi alifanya kama anataka kumsaidia, akasita. Mzee alifika, akaegemea shingo ya Nyamwiza, akamshika hatamu. Alizungumza akiangalia manyoya ya farasi.

"Anaogopa mlio wa bizimu. Vile vyuma vya zamani vilikuwa vinapigwa nyundo. Akisikia chuma anadhani ni nyundo."

Kemilembe hakugeuza hata kichwa. Alikuwa anamenya ndizi.

Oyugi alisubiri kama kuna mtu atakayemfikishia lile neno. Alipoona hakuna, alikohoa.

"Nitaondoa mabizimu, mzee," alisema. "Nitafunga kwa kamba ya ngozi."

"Ndiyo. Na kwanza avizoee. Alipokuwa akipigiliwa, hakuna aliyempa nafasi ya kuvinusa."

"Nilitaka kumaliza upesi niondoke."

"Nilijua," alisema Mzee. "Na mimi nilitaka uondoke."

Wakafanya kazi. Oyugi alikata mabizimu yote, akatoboa matundu, akapitisha kamba. Alivipaka viatu kwa ndani jasho la shingo ya farasi mwenyewe ili vinuke kama yeye. Nyamwiza aliruhusu mguu mmoja, lakini kila ulipotua chini aliupiga mpaka kiatu kikalegea. Oyugi alijaribu tena, na tena, mgongo ukalowa jasho, na safari hii alipomtukana farasi kwa Kijaluo Mzee Ishengoma aliuliza maana yake. Oyugi alisema haifai kutafsiriwa mbele ya mzazi. Mzee alisema yeye amekuwa akimwambia neno la namna hiyo hiyo kwa Kihaya.

Hatimaye ni Kemilembe aliyeinuka kutoka kwenye jiwe lake, kwa uchovu tu wa kuwaangalia. Aliwaambia kwamba farasi anaupiga mguu kwa sababu anaweza. Mguu mwingine ukiinuliwa, itambidi akanyage huu. Akaja, akainama upande wa pili, akaunyanyua mguu wa mbele usio na kiatu, akaushikilia kwenye mapaja yake. Nyamwiza alitikisika. Mzee alimnong'oneza sikioni. Farasi akasimama juu ya kiatu, kwa lazima, akakaa juu yake, na baada ya muda pumzi ndefu ikamtoka puani.

Chini ya tumbo la farasi, Kemilembe alijikuta anatazamana na Oyugi. Wote walikuwa wameinama, nywele zimejaa vumbi, mikono imeshikilia miguu isiyo yao.

"Nilikosea," Oyugi alisema kwa sauti ya chini. "Lile la kukususa."

"Funga kamba."

"Nafunga. Nasema tu kwamba nilikosea."

"Nimesikia. Funga."

Lakini hakuweza kuuzuia uso wake, na Oyugi akaona, na vidole vyake vikakosea tundu.

Vilipokuwa vimeingia vyote, Mzee alimwongoza Nyamwiza uani. Farasi aliinua kila mguu juu kupita kiasi, kama kuku aliyekanyaga majivu ya moto, akasimama, akashangaa, akaendelea. Alizunguka ua. Akapita juu ya kokoto bila kuchechemea. Mabega ya Mzee Ishengoma yalianza kutikisika, na Kemilembe alidhani ameshikwa na maumivu, kumbe anacheka. Hakukumbuka alimsikia lini mara ya mwisho.

Kisha kicheko kikaisha, na mzee akamgeukia Oyugi, mara ya kwanza uso kwa uso.

"Vitafika bandarini?"

"Vitafika na kurudi, mzee."

"Basi kesho utamwongoza wewe. Mimi mguu hauniruhusu kushuka kamba ikilegea."

Oyugi alikunja mfuko wa vifaa, akaukunjua tena. "Nitakuja kama nani, mzee?"

Mzee Ishengoma alimkabidhi Kemilembe hatamu.

"Njoo kwanza," alisema, akaenda zake ndani.

Kemilembe alimsindikiza fundi mpaka langoni. Oyugi aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyefikishwa ukingoni, njoo kwanza maana yake nini. Kemilembe alimwambia hajui, ila kwa baba yake hilo ni neno refu. Walisimama hapo kidogo. Hakumshika mkono, maana Bernadetta alikuwa anafagia mahali palipokwisha kufagiliwa.

Asubuhi Oyugi alifika shati limepigwa pasi. Mzee Ishengoma alikuwa amenyoa. Alipanda garini, Kemilembe akakaa kando yake, na Oyugi akamshika Nyamwiza hatamu. Walipopita Kirumba, wanawake wa samaki waliacha kupanga mizigo yao wakaja barabarani kumwona farasi aliyevaa katambuga. Walimpongeza. Mmoja aliuliza kama fundi anashona na za waume. Njia nzima Kemilembe aliangalia mgongo wa Oyugi na upande wa uso wa baba yake, na hakuna mojawapo uliomwambia kitu.

Meli ilikuwa imeshatia nanga. Mzee Privatus alishuka kati ya abiria wa mwisho, koti zito mwilini, uso wa kijivu kwa kuchafukwa na tumbo usiku kucha, na mkungu mkubwa wa ndizi begani ambao hakumkubalia mchukuzi yeyote auguse. Wazee walikumbatiana. Walisalimiana kwa Kihaya, wakaulizana habari za watu na mashamba, mpaka macho ya mgeni yakatua kwa kijana aliyesimama na farasi. Akauliza ni nani.

Mzee Ishengoma akajibu kwa Kiswahili, polepole, ili kila mtu aelewe.

"Anaitwa Oyugi. Nataka asikie ninavyokujibu, Privatus. Mwaka jana alikuja kuniomba binti, nikamkatalia. Jana binti naye amenikatalia mimi. Nimekuja kukuambia mwenyewe hapa hapa, kabla hujapanda gari langu na kula chakula changu."

Mzee Privatus aliusogeza mkungu begani. Alimtazama Kemilembe, ambaye alikuwa ameshuka garini na kupiga goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ni kweli haya?"

"Ni kweli. Apolinary hana kosa. Naomba radhi kwa safari yako."

"Ziwa lilikuwa baya," alisema Mzee Privatus kwa masikitiko. "Nimetapika tangu tunatoka Bukoba." Akamgeukia rafiki yake. "Na huyu, watu wake unawajua?"

"Siwajui. Nitakwenda Shirati kuwauliza. Nina usafiri sasa."

Mgeni alitazama miguu ya farasi, kiatu kimoja baada ya kingine. Kisha akashusha pumzi, akatembea mpaka mbele ya Oyugi, akamgeuzia bega lenye mkungu.

"Shika," alisema. "Zilikuwa za ukwe, sirudi nazo. Zimeniua mgongo."

Oyugi aliachia hatamu, akaupokea mkungu kwa mikono yote miwili. Ulikuwa mzito kuliko alivyodhani, ukamyumbisha, na Kemilembe akasimama haraka akamshikia upande wa pili. Hawakuutua. Walisimama nao hivyo bandarini, mbele ya abiria na wachukuzi na baba yake, mpaka Mzee Ishengoma alipowauliza kama wanangoja meli ya kurudi.